Kisha na Au: Kitenzi cha Kiswahili kama Somo la Kompyuta

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kupambanua mofimu za neno. Apewapo neno "tutawasomea", huweza kulikata vipande: tu- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya mtendwa, -som- ambayo ni mzizi, -e- ya kauli ya kutendea, na -a ya mwisho. Aghalabu kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni ya somo la Kiswahili tu, nayo husahauliwa mtihani ukiisha. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi huyo, pasipo kujua, amekwisha kufika kwenye mlango wa mojawapo ya taaluma za msingi za sayansi ya kompyuta, na kwamba ni hasara kwetu sote kumwacha amesimama mlangoni.

Taaluma hiyo ni ujenzi wa vichanganuzi. Kichanganuzi ni programu inayopokea mfululizo wa herufi na kutoa muundo uliomo ndani yake. Kompyuta ipewapo 1 + 2 × 3, haina budi kutambua kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha, la sivyo itatoa 9 badala ya 7. Kila programu iandikwayo na binadamu hupitia kwanza katika kichanganuzi kabla ya kutekelezwa. Bila chombo hicho, maandishi yote kwa kompyuta ni msururu wa alama zisizo na maana.

Vipande vidogo na viungio vyake

Njia za kujenga kichanganuzi ni nyingi. Ile ninayoipendekeza kwa shule ni ya kombineta, ambayo imestawi katika lugha za programu za kifanksheni. Mfano maarufu wa lugha hizo ni Haskell, ambayo taarifa yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1990, na ambayo jina lake ni la mwanamantiki wa Marekani, Haskell Curry. Katika lugha ya aina hii programu haiandikwi kama orodha ya amri. Huandikwa kama fanksheni zinazopokea kitu na kutoa kitu, mfano wa zile zifundishwazo katika hisabati. Tena fanksheni yenyewe huhesabiwa kuwa kitu: yaweza kupewa fanksheni nyingine, na kutokana na hizo mbili ikapatikana ya tatu.

Kwa mtazamo huo, kichanganuzi ni fanksheni tu. Hupokea herufi, na hutoa orodha ya majibu. Kila jibu lina sehemu mbili: kipande kilichotambuliwa, na herufi zilizobaki. Kichanganuzi cha "tu" kikipewa "tutasoma" hutoa jibu moja: kipande "tu" na mabaki "tasoma". Kikipewa "watasoma" hutoa orodha tupu, maana yake hakikuona kilichotafutwa. Programu haikatiki wala haipigi kelele. Orodha tupu yatosha kusema "la". Wazo hili la kuweka orodha ya majibu mahali pa kushindwa lilielezwa na Philip Wadler mwaka 1985. Kabla yake, William Burge alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi vichanganuzi vinavyoweza kujengwa kwa kuunganisha fanksheni.

Kombineta, basi, ni fanksheni inayopokea vichanganuzi na kutoa kichanganuzi kipya. Mbili zatosha kuanzia. Ya kwanza tuiite "kisha": hutumia kichanganuzi cha kwanza, halafu mabaki yake huyapeleka kwa cha pili. Ya pili tuiite "au": huvijaribu vyote viwili juu ya herufi zile zile na kukusanya majibu ya vyote. Twaweza kuongeza ya tatu, "hiari", ambayo hutoa majibu ya pande zote mbili: kipande kikiwapo, na kipande kikirukwa.

Sasa tuandike sarufi ya kitenzi chepesi cha Kiswahili:

nafsi = ni au u au a au tu au m au wa
wakati = na au li au ta au me
mtendwa = ni au ku au m au tu au wa
kitenzi = nafsi kisha wakati kisha hiari mtendwa kisha mzizi kisha kiishio

Mzizi ni "au" ndefu ya mizizi tuijuayo: som, pend, pig, fundish, na kadhalika. Kiishio kwa sasa ni a peke yake. Msomaji atambue kwamba mistari hii haiko mbali na programu yenyewe. Katika Haskell mwandishi huchagua mwenyewe majina ya fanksheni zake, hivyo "kisha", "au" na "hiari" yaweza kuandikwa vivyo hivyo, zikaongezwa alama chache tu za uandishi. Hapa ndipo uzuri wa njia hii ulipo. Maandishi yale yale ni kanuni ya sarufi ambayo mwalimu wa Kiswahili aweza kuisoma na kuikosoa, na papo hapo ni programu ambayo kompyuta yaweza kuiendesha.

Hesabu ya faida

Tufanye hesabu ndogo. Nafsi ziko 6 na nyakati 4. Viambishi vya mtendwa ni 5, na pamoja na nafasi ya kutokuwapo hupatikana hali 6. Basi kila mzizi wa kitenzi elekezi hutoa maumbo 6 × 4 × 6, yaani 144. Ukiwa na mizizi 1,000, maumbo ni 144,000. Machache kati yake, kama "ninanipenda", hayasemwi; lakini bado hatujagusa ukanushi, ngeli, urejeshi wala mnyambuliko, ambavyo huzidisha idadi hiyo mara nyingi. Kwa upande mwingine, vipande tulivyoviandika ni viambishi 15, kiishio kimoja, na mizizi 1,000.

Ndiyo sababu programu ya kukagua tahajia inayotegemea orodha ya maneno, hata kama inafaa kwa lugha ambayo maneno yake hayabadiliki sana, huelekea kuutia alama ya kosa ukurasa wa Kiswahili fasaha. Kosa si la mwandishi wala la lugha. Ni la chombo kilichodhani kwamba neno ni kitu cha kukariri, hali kwa Kiswahili neno ni kitu cha kuundwa.

Jambo hili wataalamu wamelijua muda mrefu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Ufini alitoa kielelezo chake cha ngazi mbili cha kuchambua maumbo ya maneno. Nacho Kifini, kama Kiswahili, ni lugha ya viambishi vingi. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, alikitumia kielelezo hicho kwa Kiswahili na kuandika habari zake mwaka 1992. Njia yao si ya kombineta, lakini funzo ni moja: kompyuta hukipata Kiswahili kwa kanuni za uundaji wa maneno. Si aibu kwamba kitenzi chetu kilichambuliwa kwa mashine huko Helsinki, maana elimu haina mpaka. Aibu itakuwa yetu ikiwa vijana wanaokisema Kiswahili tangu utoto watabaki watazamaji wa kazi hiyo.

Simba amekula

Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba kazi hii si mchezo wa kukata maneno tu. Vitenzi vyenye mizizi mifupi sana, kama -la na -nywa, huchukua ku- baada ya na, li, ta na me: twasema "amekula", hatusemi "amela". Lakini akiwapo mtendwa, ku- hiyo huondoka: "amenila", "amemla". Je, mtendwa akiwa ni wewe? Kiambishi chake ni -ku-, na neno hurudi kuwa "amekula".

Tuongeze katika sarufi yetu mzizi l, na pia umbo la ku kisha l, halafu tukipe kichanganuzi neno hili. Nafsi ni a, wakati ni me, na mabaki ni "kula". Hapo njia hugawanyika. Katika njia ya kwanza "hiari" humruka mtendwa, na ku huhesabiwa kuwa sehemu ya shina: simba amepata chakula chake. Katika njia ya pili ku ni mtendwa, na mzizi ni l peke yake: chakula ni wewe. Njia zote mbili humaliza herufi zote, hivyo orodha ya majibu ina majibu mawili. Msikilizaji akiwa hai, maana ya pili imejikanusha yenyewe. Lakini hilo ni jambo la muktadha, wala halimo katika herufi. Kichanganuzi kinyofu huziweka maana zote mezani na kumwachia mwenye busara achague.

Kwa kuongeza mzizi l, sarufi yetu imeanza kukubali hata "amela", ambalo si Kiswahili sanifu. Kulizuia neno hilo pasipo kulipoteza "amemla" ni zoezi ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kulifanya, naye atakuwa ameelewa kanuni ya ku- kuliko aliyeikariri.

Si kila maktaba ya kombineta hufanya kazi kwa orodha ya majibu. Parsec, iliyotolewa na Daan Leijen na Erik Meijer mwaka 2001, kwa kawaida hushika njia ya kwanza iliyofaulu na kuendelea mbele. Hivyo huwa nyepesi zaidi, na hueleza vizuri mahali kosa lilipo, jambo linalofaa sana kwa lugha za programu. Lakini "au" ya namna hiyo, ikiandikwa m kabla ya mw, itakwama katika neno "anamwona": itachukua m na kuachiwa "wona", ambalo halina mzizi unaojulikana. Na katika "amekula" itatoa maana moja tu. Fundi hana budi kukijua chombo chake kabla ya kukichagua.

Pingamizi tatu

Nilipokuwa masomoni ng'ambo kwa ajili ya udaktari, mifano tuliyopewa katika somo hili ilikuwa ya hesabu na mabano. Ni mifano mizuri, nami naitumia mpaka leo. Lakini nimeona kwamba wanafunzi wangu huamka zaidi tunapogeukia kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa wao wenyewe ndio mabingwa wa sarufi hiyo. Hata hivyo, pendekezo la kulipeleka somo hili sekondari hukutana na pingamizi tatu.

Ya kwanza husema kwamba lugha za kifanksheni ni ngumu kwa shule. Nakubali kwamba Haskell yataka subira. Lakini wazo lenyewe halifungwi na lugha moja. Hata katika Python fanksheni yaweza kupewa fanksheni nyingine, na "kisha" na "au" huandikwa kwa mistari michache.

Ya pili husema kwamba siku hizi zipo programu kubwa zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hujibu maswali kwa Kiswahili bila kuandikiwa kanuni hata moja. Ni kweli, na kazi zake ni za kustaajabisha. Lakini programu hizo hutaka maandishi mengi na mashine ghali, na zikikosea si rahisi kuonyesha ni wapi. Kichanganuzi chetu huendeshwa na kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, na kikikosea, mstari wenye kosa waweza kuoneshwa kwa kidole. Zaidi ya hayo, lengo la shule si kupata majibu tu. Ni kumfundisha kijana jinsi jambo kubwa linavyojengwa kwa mambo madogo yanayoweza kuthibitishwa moja moja.

Ya tatu ndiyo nzito: shule nyingi hazina kompyuta za kutosha. Kwa hiyo yafaa somo lianze bila kompyuta. Mwalimu awapange wanafunzi watano mbele ya darasa: nafsi, wakati, hiari-mtendwa, shina na kiishio. Neno liandikwe kwenye karatasi na kupitishwa. Kila mmoja akate kipande chake akikiona, apeleke mabaki kwa mwenzake. Asipokiona, aitupe karatasi. Mwanafunzi wa hiari-mtendwa akimwona mtendwa, anakili karatasi na kupeleka nakala mbili, moja iliyokatwa na moja nzima. Asipomwona, apeleke ile moja nzima. Wakipewa "tutawapenda", karatasi moja itafika mwisho, ile nakala nzima ikitupwa na shina. Wakipewa "amekula", zitafika mbili, na darasa zima litaona kwa macho kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati wa shule moja wakae pamoja, watenge vipindi viwili tu katika muhula, mmoja alete sarufi na mwingine alete fanksheni. Hawahitaji kungoja muhtasari mpya wala vifaa kutoka mbali. Kazi kubwa ya kuandika sarufi ya lugha yetu kwa namna ambayo mashine yaweza kuifuata bado haijakamilika: ukanushi, ngeli na urejeshi vingali vinangoja mikono, na walio na haki ya kwanza ya kuvishika ni wale wanaovisema kila siku.