Vim na Python Walivyoninunia

Juzi nusura niaibike Nyamisati. Mjomba, mnunuzi wa kaa wa delta, alitaka hesabu za wavuvi kabla boti yao haijaondoka. Kila nikiiambia Vim iiite Python, inagoma! Python yenyewe nzima kabisa.

Nikaandika :echo has('python3'). Jibu: 0. Nikaandika :version. Kumbe Vim yangu ya biti 32, Python ya biti 64. Hawapikiki chungu kimoja! Nikapakua Vim ya biti 64, jibu likawa 1. Wavuvi wakalipwa, mjomba akatabasamu.

Muasisi wa Vim, Bram Moolenaar, aliyefariki 2023, aliwaombea msaada watoto wa Kibaale, Uganda. Mimi kaniokoa kwa mjomba! Usifute programu kwa hasira, iulize kwanza. Tukutane wiki ijayo.