Mraibu ni Mgonjwa, Tumtibu

Ndugu msomaji, wanachuoni hawakukhitalifiana kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Swali letu ni hili: kijana aliyekwisha kunaswa na heroini tumfanyeje?

Wengi hujibu: afungwe. Muuzaji anastahiki ukali wa sheria ya mwaka 2015. Lakini mraibu akifungwa bila ya tiba hutoka na maradhi yale yale.

Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu methadoni, dawa ya maji inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Dawa hii huondoa arosto, na mgonjwa akaweza kuachana na sindano za kuchangia zienezazo Ukimwi na homa ya ini. Baadaye huduma hiyo ilifika Zanzibar, na hata kwa jirani zetu wa Dodoma.

Wapo wasemao kuwa huku ni kubadilisha kileo kwa kileo. Tunawajibu: dawa kwa kipimo cha tabibu si ulevi, na kanuni ya fiqhi ni kuvumilia dhara ndogo ili kuepusha kubwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwakataza Masahaba kumlaani mlevi aliyekwisha kuadhibiwa, wasije wakamsaidia shetani dhidi ya ndugu yao.

Dawa ya kila siku haimfai aliye mbali nayo. Tunaiomba Serikali iisogeze karibu na wananchi. Nasi, Waislamu wa Singida, tusimfukuze mraibu msikitini. Tumshike mkono tumpeleke hospitali.

Wabillahi tawfiq.