Neno 'Vitamini' Lisitupumbaze

Kazi yangu ni kufundisha isimu chuoni, na kila mwaka huwaonya wanafunzi kwamba neno tamu laweza kumfumba mtu macho. Nakiri leo kuwa mwalimu mwenyewe alifumbwa macho na neno moja: vitamini.

Nimeishi na kisukari kwa muda wa miaka kumi. Miaka miwili iliyopita nyayo zilianza kunichoma usiku mithili ya mtu aliyekanyaga makaa, kisha zikafa ganzi. Siku moja kiatu kilinitoka mguuni darasani nisijue, hata wanafunzi wakacheka. Mwenzangu akanishauri ninunue tembe za vitamini B6, akiziita 'chakula cha mishipa ya fahamu'. Sikumwuliza daktari. Nani huomba ruhusa ya kula? Nikawa nameza tembe tatu kwa siku, kila moja ya miligramu 200. Baada ya miezi minane ganzi ilikuwa imepanda hadi vifundoni.

Daktari alipoiona chupa alitikisa kichwa. Mtu mzima huhitaji miligramu zisizofika mbili za B6 kwa siku. Mimi nilikuwa nikimeza 600. Tangu mwaka 1983 madaktari wa Marekani walikwisha kueleza habari za wagonjwa saba walioharibikiwa na mishipa ya fahamu kwa kuizidisha vitamini iyo hiyo, na baadaye madhara yakaonekana hata kwa viwango vidogo zaidi. Damu yangu ilipopimwa, nilipatikana na upungufu wa B12, ambao waweza kuletwa na metformini, dawa ya kisukari niliyoitumia miaka yote hiyo. Ama kwa hakika, nilichokihitaji hakikuwamo chupani, na kilichokuwamo sikukihitaji.

Sisemi tembe hizi hazina faida. Anayetumia isoniazidi kutibu kifua kikuu hupewa B6 kwa kipimo, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza mwilini. Tofauti ni kwamba yeye amepimiwa, mimi nilijipimia.

Casimir Funk alipoliunda neno hili mwaka 1912, alilijenga juu ya neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Labda ndiyo sababu hatulisikii kama jina la dawa. Nasi walimu tuna lawama: aghalabu tunawafunza watoto maradhi ya upungufu wa vitamini, yale ya kuzidi tukayanyamazia.

Siku hizi nadungwa sindano za B12, na zile tembe nimeziacha. Moto wa nyayo umepungua, ingawa vidole vingali na ganzi. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwalimu mwenzangu, ukihisi ganzi au mchomo miguuni, nenda ukapimwe sukari na damu kwanza. Na ukienda, ichukue chupa yako ya vitamini, daktari aisome.