Jahazi la Mwisho na Meli ya Kwanza

Aprili 2025 BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotoa tuzo za filamu na gemu, ilitangaza matokeo ya kura iliyowauliza watu ni gemu gani imeacha athari kubwa kuliko zote tangu fani hii izaliwe. Ushindi ukaenda kwa Shenmue, kazi ya Yu Suzuki iliyotoka Japani tarehe 29 Desemba 1999 kwa ajili ya Sega Dreamcast. Swali lilihusu athari, na kwa swali hilo jibu linaweza kutetewa: mji wa Yokosuka wa mwaka 1986 aliousuka Suzuki, wenye watu wanaokwenda kazini na kurudi, droo zinazofunguka na hali ya hewa inayobadilika, umezaa watoto wengi. Kinachonikera ni kinachofuata. Jibu la swali la athari linabanduliwa na kubandikwa kwenye swali jingine kabisa, lile la gemu zipi za miaka ya tisini hazijachuja. Ndivyo orodha za gemu bora zinavyotengenezwa mwaka baada ya mwaka: iliyotangulia inakalishwa kwenye kiti cha iliyodumu. Basi ichezeni hiyo Shenmue leo. Ukiambiwa urudi jioni, utaingoja jioni ifike, dakika baada ya dakika, kwa kuwa hakuna namna ya kuusukuma muda mbele. Shujaa wake anageuka kwa shida kama mtu aliyebeba kabati mgongoni. Heshima ya uanzilishi inayo. Raha ya mchezaji haina.

Imani ninayoipinga ni kwamba gemu zilizosimama imara kuliko zote za muongo ule ni zile zilizotuvusha kutoka pande mbili kwenda pande tatu, yaani Super Mario 64 na Tomb Raider za 1996, Final Fantasy VII na GoldenEye 007 za 1997, na Ocarina of Time ya 1998. Hiyo ya mwisho ina alama 99 kati ya 100 kwenye Metacritic, na watu huitaja namba hiyo kana kwamba imefunga mjadala. Mimi nashikilia kinyume chake. Gemu inayodumu ni ile iliyozaliwa fani yake ikiwa imekomaa, siyo ile iliyozaliwa siku fani inaanza kutambaa. Fundi wa Matondoni, kule Lamu, anapounda jahazi, mikononi mwake mna maarifa ya vizazi: anajua ubao upi ukae wapi na tanga litaushikaje upepo. Aliyeunda meli ya kwanza ya mvuke hakuwa na mwalimu. Alifungua njia ya dunia nzima, lakini chombo chenyewe kilikuwa kizito, chenye moshi mwingi na chepesi kuharibika. Baadaye mvuke ulishinda, hilo halina ubishi. Lakini anayeulizwa apande kipi kati ya jahazi la mwisho na meli ya kwanza hapaswi kutazama historia ilielekea wapi. Anapaswa kutazama kipi kitamfikisha. Miaka ya tisini vyombo hivyo viwili vilitia nanga bandari moja, na tangu siku hiyo tumekuwa tukisifu moshi.

Tazama mashine zenyewe. PlayStation, iliyoanza kuuzwa Desemba 1994, haikuweza kuziweka ncha za pembetatu mahali pake sawasawa. Ncha ziliruka kutoka nukta hadi nukta, ndiyo maana kuta zinatetemeka kila unapopiga hatua. Nintendo 64 ilitenga kilobaiti 4 tu za kushikilia picha inayopakwa juu ya ukuta, ndiyo maana kuta zake zinaonekana kama zimefutwa kwa kitambaa kibichi. Hata hivyo kasoro za macho ningezisamehe. Nisizoweza kuzisamehe ni kasoro za vidole. Padi ya kwanza ya PlayStation haikuwa na kijiti hata kimoja, na DualShock ilikuja mwishoni mwa 1997, kwa hiyo Lara Croft wa Tomb Raider alibuniwa kwa vitufe vya mishale: kushoto na kulia vinamzungusha palepale aliposimama, cha juu kinampeleka mbele, na kila mruko unapimwa kwa hesabu ya miraba. Padi ya Nintendo 64, iliyochezea GoldenEye, ilikuwa na kijiti kimoja, hivyo kutembea na kulenga viligombania kidole gumba kimoja. Hata Super Mario 64, ambayo miguu ya shujaa wake ilitengenezwa kwa ustadi wa kweli, ilimpa mchezaji kazi ya pili isiyo na mshahara, ya kubeba kamera. Unataka kuruka, lakini kwanza usogeze jicho, na jicho limegota ukutani. Mtu anayeshindana na macho yake mwenyewe hajaanza hata kushindana na adui. Kwenye pande mbili tatizo hilo halikuwapo kabisa: kilichoko mbele yako unakiona, na ukikosea unajua ni wewe uliyekosea.

Sasa litazame jahazi. Super Metroid, iliyoongozwa na Yoshio Sakamoto, ilitoka Machi 1994 katika kaseti ya megabiti 24, yaani megabaiti 3, ambazo picha moja ya simu ya leo inaweza kuzijaza. Wakati huo Nintendo walikuwa na takriban miaka tisa tangu Super Mario Bros. na minane tangu Metroid ya kwanza. Makosa yote yalikwishafanywa na kujulikana. Katika safari yake mchezaji hutumbukia ndani ya shimo refu lisilo na ngazi. Chini kule anakuta viumbe vidogo vitatu vinavyoruka kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, vikipanda juu. Hakuna maandishi, hakuna sauti ya mwalimu. Unavitazama, unaviiga, unashindwa, unarudia, kisha unapanda. Na hapo unagundua kwamba uwezo ule ulikuwa kwenye kidole chako tangu dakika ya kwanza. Linganisha na Ocarina of Time, miaka minne baadaye, kampuni ileile: kuna Navi, msaidizi wa shujaa, anayekuita umsikilize njia nzima, na kuna bundi anayekusimamisha akusomee maelezo marefu. Nintendo hawakuwa wamesahau kazi yao. Walikuwa wanaanza upya katika lugha ambayo sarufi yake hakuna aliyeijua, na asiye na sarufi hulazimika kueleza kwa ishara na kwa kelele. Kampuni ya Square nayo ilipitia njia hiyohiyo. Mwaka 1995, katika Chrono Trigger, walikwishatibu kero kuu ya gemu za hadithi: maadui wengi unawaona ukiwa bado unatembea, na pambano linafanyika papo hapo mlipokutana. Miaka miwili baadaye, katika Final Fantasy VII, pande tatu zikawarudisha nyuma: unatembea, skrini inazunguka ghafla, unatupwa vitani na adui ambaye hukumwona. Huo ndio upande wa pili wa uanzilishi. Anayeanza upya hupoteza alichokwishajifunza.

Asiyenisadiki mimi awaulize wenye mali. Wanapozirudisha gemu hizi sokoni, wanafanya nini? Tomb Raider tatu za kwanza ziliporudi Februari 2024, ziliongezewa namna mpya ya kumwendesha Lara, kwa sababu ile ya zamani mchezaji mpya haivumilii. Resident Evil 2 ya 1998 ilipotengenezwa upya mwaka 2019, kamera zilizogandishwa kwenye kona za vyumba ziling'olewa na jicho likawekwa nyuma ya bega. Sehemu ya kwanza ya Final Fantasy VII iliyojengwa upya tangu msingi ilitoka mwaka 2020. Ocarina of Time ilipoletwa kwenye Nintendo 3DS mwaka 2011, viatu vya chuma vya Hekalu la Maji, ambavyo awali ulilazimika kusimamisha mchezo kila unapovivaa na kuvivua, viliwekewa kitufe. Lakini Super Metroid imerudishwa kwenye mashine moja baada ya nyingine ileile, bila hata mlango mmoja kuhamishwa. StarCraft ya 1998, iliyobaki kwenye pande mbili wakati kila mtu alikuwa akizikimbia, ilifanyiwa ukarabati mwaka 2017: picha na sauti zikasafishwa, na kanuni za vita hazikuguswa, kwa kuwa wachezaji wa Korea Kusini waliozifanya taaluma wangezizika kampuni na gemu yake siku hiyohiyo. Anayeirudisha nyumba yake sokoni kwa kuvunja msingi amekiri mwenyewe kwamba msingi ulikuwa mbovu.

Nitaambiwa: na Tekken 3 je? Ni ya pande tatu, ilitoka kwenye mashine za kumbi mwaka 1997 na kwenye PlayStation mwaka 1998, na vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi viliendelea kuichezesha kwa miaka mingi baada ya mashine yenyewe kupitwa na wakati. Nashukuru kwa mfano huo, kwa maana ni shahidi wangu. Wapiganaji wa Tekken wanatazamwa kutoka ubavuni, kamera hakuna anayeibeba, na kila pigo linafuata sarufi ya nafasi na wakati iliyokwishanyooshwa na Street Fighter II ya Capcom tangu 1991. Tena ni ya tatu katika ukoo wake. Nitaambiwa pia: Doom ilikuwa mwanzilishi, mbona haijachuja? Kwa sababu Doom ni pande mbili zilizovaa koti la pande tatu. Huwezi kutazama juu wala chini, huwezi kuruka, risasi hujitafutia urefu zenyewe, na hakuna chumba kinachokaa juu ya chumba kingine. Ramani zake ni michoro ya nyumba iliyotazamwa kutoka angani. Waundaji wake, John Carmack na John Romero, walichukua mwendo wa kasi na ukwepaji wa risasi uliokomaa kumbini, wakambandika mchezaji macho. Ndiyo maana Romero mwenyewe aliweza kuitolea sura mpya, SIGIL, mwaka 2019, robo karne na ushei baadaye, na watu wakacheza bila kudai wabadilishiwe chochote.

Hoja nyingine husema kwamba picha ndiyo gemu, na pikseli zilizopangwa kwa mkono ni umaskini wa mashine. Hoja hii haistahili kubembelezwa. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Tangu lini mtu akaacha kucheza kwa sababu kete hazing'ai, au akadai nyumba ichorwe vizuri zaidi ndipo aanze kunamua? Wachezaji wanakaa kwenye baraza lilelile, mbele ya ubao uleule, na bado kuna mabingwa na kuna wanafunzi, kwa sababu kanuni zake ziko kamili. Mchoro wa pande tatu wa mwaka 1997 ulikuwa unajaribu kufanana na maisha na ukashindwa, na kila mwaka mashine mpya inakutangaza upya kushindwa huko. Mchoro wa Super Metroid haukujaribu kufanana na chochote ila nafsi yake, kwa hiyo hakuna mashine itakayoushinda katika jambo ambalo haukulishindania. Ni sawa na mshairi anayetunga kwa mizani nane kwa nane: mpaka ule haukumfinya, umempa mahali pa kusimama. Na wanaodai kwamba tunazisifu gemu hizi kwa sababu ya kukumbuka utoto, wanijibu hili: mbona kumbukumbu hizohizo zimeshindwa kumwokoa Lara Croft na vitufe vyake?

Wapo pia wanaosema bila Ocarina of Time kumlenga adui kwa kitufe kusingeenea hivi katika gemu za leo, na bila GoldenEye vita vya bunduki vya watu wanne kwenye runinga moja visingepata umaarufu vilioupata. Kweli tupu. Lakini shukrani ni jambo moja na hukumu ni jingine. Tunamshukuru aliyepasua msitu, kisha tunalala kwenye nyumba ya aliyekuja na mwiko na timazi. Kumlazimisha kijana wa leo alale kwenye nyumba ya matawi ili aoneshe heshima ni kumfukuza katika fani nzima. Ataigusa GoldenEye, ataona kidole gumba kinavutwa huku na huku, ataondoka akiamini kwamba gemu za zamani zote ni mbovu. Orodha zilizochanganya athari na uimara ndizo zilizomdanganya.

Na uharibifu hauishii hapo. Video Game History Foundation ya Marekani ilionesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 zilikuwa hazitolewi tena sokoni. Zinazorudishwa ni zile zenye majina makubwa, na majina makubwa hutoka kwenye orodha hizihizi. Kila tunapomkweza mwanzilishi aliyechuja, tunaisukuma shimoni gemu iliyokamilika ambayo haikuanzisha lolote. Wakati huohuo kampuni kubwa zinatuuzia kazi mbichi na kutuambia zitaivishwa baadaye kwa intaneti. Kaseti ya 1994 haikuwa na baadaye. Ilitoka kiwandani ikiwa imeiva au ikaaibika milele, na aibu hiyo iliwafundisha mafundi adabu ambayo soko la leo limeisahau.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kati ya gemu zote za miaka ya tisini, iliyosimama imara kuliko zote ni Super Metroid, na nyuma yake zinafuata Street Fighter II, Chrono Trigger, Doom na StarCraft, zote zikiwa kazi za mikono iliyokwishajua inachokifanya. Shenmue na Ocarina of Time zipewe jumba la makumbusho, na zipewe kwa heshima zote. Lakini mtoto aliyezaliwa juzi akipewa padi na kutumbukia kwenye shimo lile la 1994, hatahitaji wa kumsimulia historia. Atawaona wale watatu wakipanda ukuta, atawaiga, atashindwa mara tano, na mara ya sita atatoka mwenyewe.