Lita za maziwa si mateka wa programu

Jamani, huu mchezo wa kuwafungia watu data zao wenyewe utaisha lini? Hapa Othaya kuna kikundi kidogo cha wakulima wa maziwa (jina naliacha) ambacho karani wake hujaza lita za kila mkulima kwenye Excel. Mwisho wa mwezi lita hizo lazima ziingie kwenye hifadhidata ya Access ndipo malipo yapigwe hesabu. Fundi aliyeiunda aliiacha ikifunguka kwa kusoma tu, na kila mwezi anadai "ada ya kuingiza". Asipokuja, watu wanangoja. Mtu amekamua alfajiri kwenye baridi ya milima ya Nyandarua, halafu karo ya mtoto inasubiri fundi apate nafasi ya kupanda matatu!

Utetezi wa wenzangu naujua: eti karani ataharibu data. Basi mtengenezee fomu inayokataa namba ya mwanachama isiyojulikana na lita zilizoingizwa mara mbili. Si ndiyo kazi tuliyosomea?

Kweli, si kila "kusoma tu" ni hila. Mtumiaji asipokuwa na ruhusa ya kuandika ndani ya folda, Access hushindwa kuunda faili yake ya kufuli (.ldb au .laccdb) na kufungua hifadhidata kwa kusoma tu. Mpe karani ruhusa ya folda nzima, si ya faili peke yake.

Ikiwa ni hila, kinachosomeka hunakilika. Fungua hifadhidata mpya tupu, leta majedwali ya ile ya zamani, kisha ongeza mistari ya Excel. Fomu zikikataa kuja, angalau rekodi mnazo. Namba za wanachama ziwe maandishi tangu kwenye Excel, la sivyo 0047 itageuka 47 na lita za Wanjiku zikose mwenyewe.

Likiwepo neno la siri msilolijua, hata majedwali hayaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mkulima haki ya kupewa data zake katika muundo unaosomeka na mashine. Kikundi kitampaje, ikiwa neno la siri limo mfukoni mwa fundi? Wenyekiti, lidaini kwa maandishi ndani ya mkataba, na karani wenu aingize lita za mwezi mzima mbele yenu kabla fundi hajalipwa shilingi ya mwisho.