Kriketi si Mchezo wa Kusimama

Apitaye kando ya uwanja wa kriketi huwaona wachezaji wengi wamesimama tu, mikono magotini, wakisubiri mpira. Huenda zake akiamini kuwa huu ni mchezo wa starehe, usiohitaji jasho. Dhana hii ndiyo ninayonuia kuipinga, kwa sababu huwaumiza vijana wetu.

Tuzitazame hesabu za mechi ya siku moja. Kila upande hurushiwa ova 50, yaani mipira 300. Mlinda wiketi huchuchumaa na kuinuka kwa kila mpira, kwa muda wa saa tatu na zaidi. Mpigaji anayepata mikimbio 50 kwa miguu yake hukimbia karibu mita 900, huku amevaa kinga za miguu na kugeuka ghafla kila afikapo mstarini. Mrushaji wa kasi naye huruhusiwa ova 10. Mara 60 hutoka mbio, huruka, kisha hutua kwa mguu wa mbele ambao hubeba kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake maradufu. Je, hiyo ni starehe?

Wakenya tuna kumbukumbu tamu za mchezo huu. Mwaka 1996 tuliwalaza West Indies mjini Pune, na mwaka 2003, chini ya unahodha wa Steve Tikolo, tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, mwaka 2014 tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sidai kuwa ulegevu wa viungo ndio uliotuangusha. Migogoro ya uongozi na uhaba wa fedha vina lawama yake. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuujenga upya mchezo huu hana budi kuanza na mwili wa mchezaji.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini akikunjwa kupita kiasi huvunjika. Kijana arushaye mpira kwa kasi kila siku, mifupa ikiwa bado inakua, huweza kupata nyufa katika pingili za kiuno na kukaa nje ya uwanja kwa miezi mingi. Uingereza imeweka kikomo cha ova ambazo warushaji chipukizi wa kasi hurusha kwa mfululizo na kwa siku. Mazoezi yafaayo, basi, si kurusha tu. Ni kupasha misuli moto kabla ya mchezo, kuimarisha tumbo, mgongo na mapaja, kukimbia mbio fupi za kugeuka, na kupumzika. Mengi ya hayo hayahitaji vifaa vya bei. Yahitaji mwalimu anayeyajua.

Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Maarifa haya yamejaa katika vitabu vya Kiingereza, ilhali kocha wa shule ya kijijini huwaelekeza watoto kwa Kiswahili. Tumezoea kujadili istilahi ukumbini. Sasa tuziteremshe uwanjani. Mwongozo mfupi wa mazoezi, ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha na chepesi, utaweza kuuokoa mgongo wa mtoto mmoja. Hiyo nayo ni kazi ya lugha.