Kipaji Hakimezwi kwa Maji

Vijana wenzangu wa kalamu, kuna ndoto mpya inayotembea vijiweni. Eti wataalamu watawabadilisha jeni bakteria wa tumboni, kisha mtu ameze kidonge asubuhi, jioni aandike riwaya. Wapo washikaji wanaoisubiri kwa hamu, kana kwamba kilichopungua katika miswada yao ni mdudu. Mimi naipinga ndoto hii, tena peupe.

Sisemi kwamba sayansi yenyewe ni porojo. Tumbo la mtu mzima lina bakteria wapatao trilioni 38, na tumbo na ubongo huwasiliana. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote hutoa homoni za mfadhaiko kupita kiasi wanapobanwa. Kubadilisha bakteria nako kunawezekana. Yuko mmoja aitwaye Nissle, aliyepatikana mwaka 1917 kutoka kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Kampuni ya Synlogic ya Marekani ilimbadilisha jeni ili amsaidie mgonjwa ambaye mwili wake, kwa kurithi, hauwezi kuvunja kirutubisho kimoja cha protini. Kirutubisho kimoja tu, jamani! Na bado Februari 2024 jaribio kubwa la dawa hiyo lilisimamishwa, baada ya kuonekana kwamba huenda lisifikie lengo. Sasa, ikiwa jambo linalopimika katika damu limewatoa jasho hivyo, huo ubunifu wataupimaje?

Watajibu kwamba mitihani ipo. Kweli ipo. Mmoja maarufu, wa Mmarekani J. P. Guilford, humtaka mtu ataje matumizi mengi kadiri awezavyo ya kitu cha kawaida, mathalani tofali. Haya, umetaja hamsini. Je, umeandika ukurasa? Mwandishi hutafuta neno moja tu, lile linalokaa mahali pake, na mara nyingi hulipata baada ya kufuta mengine hamsini. Kufuta huko ndiko kazi. Bakteria gani atakufutia?

Wengine watakuja na serotonini. Watasema asilimia 90 ya kemikali hii ya furaha hutengenezwa tumboni. Ni kweli, hutengenezwa huko. Lakini hiyo ya tumboni haivuki ukuta unaotenga damu na ubongo. Tumbo ni tumbo, bongo ni bongo! Na nani kasema furaha ndiyo inayoandika? Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, kati ya 1969 na 1972, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Alikuwa na jambo la kusema, basi. Hapo sisifu jela, wala sisifu njaa. Njaa haifundishi ushairi. Wanaosema inafundisha ni wale walioshiba.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tumbo la mwandishi kijana lina shida, naam, lakini shida yake inaitwa ugali na maharage. Anahitaji maktaba yenye vitabu, mhariri anayejibu barua, mchapishaji anayelipa, na msomaji anayenunua nakala yake badala ya kuazima ya jirani. Hayo hayangoji maabara. Ndoto ya kidonge inamwambia kijana kuwa kasoro iko ndani ya mwili wake, akajitengeneze. Wenye maktaba na wenye mitambo ya kuchapa wanaendelea kukoroma.

Tena tazameni nani atafaidika. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo kwamba Mhadzabe mzima, hapa hapa Tanzania, ana wastani wa aina 730 za vijidudu tumboni, na mtu wa California ana 277. Mungu ibariki choo ya Eyasi! Kama utajiri wa tumbo ndio utajiri wa fikra, mbona habari za kinyesi cha Wahadzabe zimetufikia kabla ya ngano zao? Na siku mdudu wa huko atakapogeuzwa kidonge chenye hataza, mwenye tumbo atapata nini? Sisi nasi tutauziwa kwa dola, tuambiwe tumeletewa kipaji.

Washikaji, tusikubali kugeuzwa wagonjwa wa ugonjwa tusiokuwa nao. Tukutane, tusomeane, tukosoane bila kuoneana haya, tufute, tuandike tena. Tuwadai maktaba wanaopaswa kuzijenga. Vidonge tuwaachie wagonjwa, ambao bado wanavingoja.